"Mganga, Nimebakiwa na Siku Ngapi?"



Damu ikiisha kupimwa, na mganga akisema kwamba ni kansa ya damu tena imekwisha kwenda mbele, swali la kwanza si la dawa. Ni hili: "Ataishi mpaka lini?" Mara nyingi anayeuliza si mgonjwa mwenyewe. Ni ndugu yake mkubwa au mjomba wake, naye huuliza nje ya mlango kwa sauti ndogo, kusudi mgonjwa asisikie. Swali hilo ni la haki, nasi tutalijibu kadiri linavyoweza kujibiwa.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uboho. Humo hutoka chembe nyekundu zinazochukua hewa mwilini, chembe nyeupe zinazopigana na magonjwa, na chembe ndogo zinazozuia damu isitoke ovyo mtu akijikata. Katika kansa ya damu, chembe za namna moja, mara nyingi zile nyeupe, huzaana bila kiasi wala kazi, kama magugu katika shamba la mahindi. Ugonjwa ukienda mbele, magugu hujaza shamba lote. Mgonjwa huishiwa damu, huchoka akitembea hatua kumi, hutoka damu puani na katika ufizi, na homa ambayo wengine wangeishinda humlaza kabisa. Wengi hufa kwa homa hizo au kwa kutokwa damu.

Lakini kansa ya damu si ugonjwa mmoja, na hapo ndipo watu wanapokosea. Iko inayokuja kwa haraka. Bila dawa huua katika majuma au miezi michache. Iko inayokwenda polepole katika wazee. Wengine hukaa nayo miaka 10 na zaidi, wakafa kwa jambo lingine. Iko inayovimbisha bandama, tumbo likawa zito upande wa kushoto. Mwenye hiyo alihesabiwa zamani miaka 3 mpaka 5 hivi. Tangu mwaka 2001 kuna kidonge kinachoitwa imatinibu, na wengi wanaokimeza kila siku bila kuacha huishi karibu sawasawa na jirani zao wazima. Ila ugonjwa huo ukigeuka kuwa wa haraka, hesabu hurudi kuwa ya miezi.

Tena iko ya watoto, inayovimbisha taya au tumbo. Mganga Denis Burkitt, Mkristo aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika habari zake mwaka 1958. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Uganda mpaka Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza katika hospitali moja baada ya nyingine, nyingi zikiwa za misioni, kama uvimbe huo umeonekana. Uvimbe huo huweza kukua mara mbili kwa siku moja au mbili, na mtoto asiyetibiwa hafikishi mwaka. Lakini ni huohuo unaoyeyuka upesi kwa dawa. Hata katika hospitali za Afrika zisizo na vitu vingi, karibu nusu ya watoto wanaotibiwa wameweza kupona kabisa. Mtoto wa namna hiyo asingoje hata juma moja.

Basi, mganga akisema "miaka miwili", amefanya nini? Hakuiona siku ya kufa. Ni kama amewachukua wagonjwa wengi waliotangulia wenye ugonjwa uleule, akawapanga mstari kuanzia aliyekufa kwanza mpaka aliyekufa mwisho, akamtazama aliyesimama katikati. Nusu walikufa mbele yake, nusu walibaki baada yake, na wengine wa mwisho wa mstari walibaki sana. Tena mistari mingi ya namna hiyo imepangwa Ulaya na Marekani, penye dawa na damu ya kutiwa kila siku. Huko, katika watoto wenye kansa ya damu ya haraka iliyo ya kawaida zaidi kwao, karibu 9 kwa 10 hupona. Katika nchi maskini hupona wachache zaidi, na sababu kubwa ni kuchelewa kufika na kuacha dawa katikati. Mtu wa Likasi anayetafuta nauli ya Lubumbashi kila mwezi aulize hivi: "Hesabu hiyo ni ya mtu anayepata dawa, au ya asiyepata?"

Je, mgonjwa aambiwe? Mimi naona ni kosa kumficha. Mfalme Hezekia alipougua, nabii Isaya alimwambia yeye mwenyewe atengeneze mambo ya nyumba yake, hakumnong'oneza mjomba. Hezekia akalia, akaomba, akaongezewa miaka 15. Mgonjwa anayefichwa hajui la kutengeneza.

Jamaa nyingine hutumia miezi hiyo kumtafuta mlozi. Wengine hunyoshea kidole mawe ya Shinkolobwe, na ni kweli kwamba mionzi huweza kuleta kansa ya damu. Ilionekana Hiroshima miaka michache baada ya bomu la 1945. Lakini kwa mgonjwa mmoja hakuna apimaye akajua ilitoka wapi. Fedha ya mpiga ramli ingelipa nauli. Na baba aende komini akaandikishe watoto wake wote angali na nguvu, kwa maana Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 inawaweka watoto kuwa warithi wa kwanza, hata waliozaliwa nje ya ndoa, kama aliwakubali kisheria angali hai.

Dawa za kuponya zikiisha, kazi haijaisha. Huko Uganda, mwaka 1993, mganga Anne Merriman na wenzake walianza kuwapa wagonjwa wa nyumbani morfini ya maji ya kunywa. Hunywewa kwa saa zake, bila kungoja maumivu yarudi. Ikipimwa vizuri haiharakishi kufa, wala haimfanyi mgonjwa kuwa mlevi. Mtu asiye na maumivu hulala, hunywa uji kidogo, na huweza kuzungumza na watoto wake. Na yule ambaye angali katika dawa za kansa, homa ikimpanda usiku, msingoje mkutano wa jamaa asubuhi. Mleteni usiku huohuo.