Tiba ya akili ya mtoto Kampala: ya bure inagharimu kiasi gani?

Uganda ilifuta malipo katika hospitali na vituo vya afya vya serikali mwezi Machi 2001, isipokuwa kwenye wodi za kulipia. Ndiyo maana mzazi wa Kampala ambaye mtoto wake hali wala halali, na shule haimtaki tena, huambiwa na kila mtu: mpeleke Butabika, ni bure. Ni kweli, dirishani hatadaiwa. Hata hivyo, apige hesabu kabla ya kufunga mlango wa nyumba.

Butabika, hospitali ya rufaa ya taifa ya magonjwa ya akili, ilifunguliwa mwaka 1955 mashariki mwa jiji, karibu na Luzira. Ina wodi ya watoto na vijana, na mara nyingi wagonjwa waliolazwa huwa wengi kuliko vitanda. Anayetoka Nansana au Kawempe huvuka jiji zima kwa taksi, kisha boda boda. Tuseme nauli ya mama na mtoto, kwenda na kurudi, ni shilingi 25,000. Tuseme mama huyo anauza nyanya sokoni, na siku aliyoshinda kwenye foleni imemkosesha 20,000. Hapo siku ya bure imekwisha kula 45,000. Dawa zikiwa zimekwisha hospitalini, ataandikiwa karatasi akanunue mjini. Na mwezi ujao atarudi tena.

Upande wa pili kuna mshauri nasaha au mwanasaikolojia wa kujitegemea. Tuseme anatoza 80,000 kwa kikao na mtoto anahitaji vikao vinane: hizo ni 640,000, na kwa familia nyingi hiyo ni karo. Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021, lakini bima yenyewe haijaanza, kwa hiyo mzigo wote ni wa mfukoni. Kabla hujalipa, mwulize anayemwona mtoto amesomea nini, amesajiliwa wapi, na kama amezoea kuhudumia watoto. Uliza pia idadi ya vikao anavyokusudia. Asiyetaka kujibu maswali hayo hafai kupewa mtoto wako, hata ofisi yake iwe nzuri namna gani.

Kinachonisikitisha ni kwamba kati ya njia hizi mbili ipo ya tatu, na wazazi wengi huipita bila kuiona. Kwa mpangilio wa Wizara ya Afya, kituo cha afya cha ngazi ya nne, kama kile cha Kisenyi, kinapaswa kuwa na muuguzi wa magonjwa ya akili. Naguru kuna kituo cha vijana kilichoanza mwaka 1994, ambako kijana hupata ushauri bila malipo. Kuna pia vikundi vya mazungumzo vya StrongMinds, shirika linalofanya kazi Uganda, navyo havitozi kitu.

Vikundi hivyo visidharauliwe kwa kuwa ni vya bure na vinaongozwa na watu wasio madaktari. Mbinu yao ilijaribiwa hapahapa Uganda: kwanza kwa watu wazima wa Masaka na Rakai mwaka 2002, halafu kwa vijana wa miaka 14 hadi 17 katika kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini, wakati wa vita. Wasichana waliokuwa na sonona walipata nafuu ya wazi. Kwa wavulana matokeo hayakuwa ya uhakika. Mzazi mwenye binti aliyezama katika huzuni ana sababu nzuri ya kuanzia hapo. Mwenye mvulana afuatilie kwa karibu zaidi, na asione haya kubadilisha njia.

Wengi huanzia kwa mganga wa jadi au kwa mchungaji. Utafiti wa Dk. Catherine Abbo huko Jinja na Iganga ulionyesha kuwa wagonjwa wengi walitumia waganga na hospitali kwa pamoja. Sitamkataza mtu kuombewa. Ila mtoto mwenye kifafa akikatiziwa vidonge kwa agizo la yeyote yule, anaweza kufa.

Yapo mambo ambayo hayangojei hesabu za nauli. Mtoto akisikia sauti ambazo wengine hawazisikii, akijiumiza, au akisema anataka kufa, nenda hospitali ya karibu siku hiyohiyo. Kwa ushauri na ulinzi wa mtoto piga 116, simu ya bure ya watoto. Sheria ya Uganda bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na hofu ya polisi imewafanya watu wafiche watoto ndani. Msiwafiche. Bunge nalo lifute kifungu hicho.

Kwa mengine yote, uamuzi wangu ni huu: anza na kituo cha afya au kikundi kilicho karibu na nyumbani, kwa kuwa tiba ya akili hudai kurudi mara nyingi, na mtoto hurudishwa pale ambapo nauli inawezekana. Butabika uende kwa barua ya rufaa au kwa hali nzito. Fedha ya mshauri wa binafsi itoe ukiwa na uhakika wa kumaliza vikao vyote, maana vikao viwili vilivyokatwa njiani havitamsaidia mtoto sana.