Murongo: Kijiji Kinachoishi kwa Mto Uliogeuzwa Mpaka

Kaskazini kabisa mwa Wilaya ya Kyerwa, mkoani Kagera, mahali ambapo Mto Kagera unateremka kwenye maporomoko kabla ya kuendelea na safari yake kuelekea Ziwa Victoria, kipo kijiji cha Murongo, kinachotazamana na mji mdogo wa Kikagati katika Wilaya ya Isingiro nchini Uganda. Kutoka Dar es Salaam hadi hapo ni safari ya zaidi ya kilometa 1,400 kwa barabara, na hata Bukoba, makao makuu ya mkoa, ni mbali zaidi kuliko mji wa Mbarara ulio ng'ambo. Ndiyo maana Murongo huhesabiwa miongoni mwa vijiji vya pembezoni. Hata hivyo, hesabu hiyo hufanywa kwa kuangalia mahali zilipo ofisi za serikali. Anayeangalia masoko, lugha na udugu hukikuta kijiji hiki katikati ya eneo moja pana ambalo maji yamelipasua pande mbili.

Mto Kagera hutokana na kukutana kwa mito ya Ruvubu kutoka Burundi na Nyabarongo kutoka Rwanda, karibu na maporomoko ya Rusumo. Kuanzia hapo huelekea kaskazini ukiwa mpaka wa Tanzania na Rwanda, ukipita kando ya wilaya za Karagwe na Kyerwa, hadi unapopokea maji ya Mto Kagitumba katika sehemu ambako nchi tatu zinakutana, kisha hugeukia mashariki na kuwa mpaka wa Tanzania na Uganda. Mpaka wenyewe hufuata mkondo mkuu, yaani mstari wa sehemu yenye kina kirefu zaidi, kwa hiyo hauonekani kwa macho wala hauwezi kuwekewa nguzo katikati ya maji.

Mto huu haukuwa mpaka wa aina hiyo siku zote. Katika karne ya 19 eneo la kusini yake lilikuwa chini ya ufalme wa Karagwe, uliotawaliwa na ukoo wa Wahinda kutoka Bweranyange, na mtawala wake Rumanyika aliwapokea wasafiri Speke na Grant mwaka 1861, na baadaye Stanley mwaka 1876. Kaskazini ya mto ulikuwapo ufalme wa Nkore, na lugha za pande hizo mbili, Kinyambo na Kinyankole, zinakaribiana kiasi kwamba wazungumzaji wake wanaelewana bila mkalimani. Kwa watu hao mto ulikuwa kizuizi cha asili chenye vivuko vyake, na anayevuka alijua anaingia katika himaya ya mtawala mwingine, lakini hakuwa anaingia kwa watu wa lugha ngeni.

Mabadiliko yaliletwa na mkataba wa Uingereza na Ujerumani wa tarehe 1 Julai 1890, ambao uligawa maeneo ya magharibi mwa Ziwa Victoria kwa mstari wa digrii moja kusini ya ikweta. Kwa kuwa karibu na Murongo mto unapita kusini kidogo ya mstari huo, mpaka uliokuja kukubaliwa hufuata maji kwanza, kisha huuacha mto upande wa mashariki na kushika mstari wa ramani hadi ziwani. Matokeo yake ni kwamba huko Missenyi kuna ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto, na ardhi hiyo ndiyo Rais Idi Amin wa Uganda alidai kuitwaa mwezi Novemba 1978 kwa hoja kwamba mto ndio mpaka wa haki. Vita vilivyofuata, ambavyo viliiangusha serikali yake mwezi Aprili 1979, viliiharibu pia mitambo midogo ya umeme iliyokuwa Kikagati tangu miaka ya 1930, iliyojengwa kwa ajili ya machimbo ya bati.

Miaka 15 baadaye mto ulipitisha msiba mwingine. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, maji ya Kagera yalibeba miili ya waliouawa hadi Ziwa Victoria, huku maelfu ya wakimbizi wakivuka na kupokewa katika makambi ya Ngara na Karagwe, ambako wengi walikaa hadi waliporejeshwa kwao mwezi Desemba 1996.

Katika maisha ya kawaida, kinachoamua hali ya kijiji cha mpakani ni tofauti ya bei kati ya kingo mbili. Karagwe na Kyerwa hulima ndizi, maharage na kahawa ya robusta, na kahawa ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi namna tofauti hiyo inavyofanya kazi. Mkulima anayeuza kupitia chama cha msingi cha ushirika, kilicho chini ya chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, KDCU, hukatwa tozo na mara nyingi husubiri malipo, wakati mnunuzi wa ng'ambo huja na fedha mkononi. Bei ya huko inapopanda, magunia huvuka usiku kwa njia zisizo rasmi, na biashara hiyo huitwa magendo. Kuna pia desturi ya butura, ambayo ni kuuza kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini kwa bei ya chini ili kupata ada ya shule au fedha za matibabu, na ingawa serikali imeipiga marufuku, chanzo chake ni ukosefu wa mikopo midogo ya haraka, jambo ambalo askari wa doria hawawezi kulitatua. Bati la Kyerwa, linalochimbwa na wachimbaji wadogo, nalo hufuata kanuni hiyo hiyo ya kukimbilia kwenye bei nzuri.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imejaribu kuihalalisha sehemu ya biashara hiyo. Chini ya taratibu zake, mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, anaweza kupewa mpakani hati rahisi ya uasili wa bidhaa, yaani karatasi inayothibitisha kuwa bidhaa zimetoka nchi mwanachama, na hivyo asitozwe ushuru wa forodha. Utaratibu huo humsaidia anayeufahamu. Asiyeufahamu huendelea kuvuka kwa kificho hata pale ambapo sheria inamruhusu kupita mchana.

Ushirikiano mkubwa zaidi umetokana na maporomoko yenyewe. Kwa kuwa nguvu ya maji iko juu ya mstari wa mpaka, hakuna nchi ambayo ingeweza kuitumia peke yake bila kugusa upande wa pili, na kwa sababu hiyo Tanzania na Uganda zilikubaliana kujenga mtambo mmoja wa Kikagati-Murongo, wenye uwezo wa megawati 14, na kugawana umeme wake nusu kwa nusu. Marais Samia Suluhu Hassan na Yoweri Museveni waliuzindua mwezi Mei 2023, na kwa Mkoa wa Kagera, ambao kwa miaka mingi umekuwa ukinunua umeme kutoka Uganda, hatua hiyo ilikuwa na uzito wa pekee. Juu zaidi katika mto huo huo, mtambo wa Rusumo wenye megawati 80 umejengwa kwa kanuni kama hiyo, nao hugawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi.

Umuhimu wa makubaliano hayo huonekana yakilinganishwa na kisiwa cha Migingo katika Ziwa Victoria, mwamba mdogo uliojaa mabati ya wavuvi, ambao Kenya na Uganda zimekuwa zikiugombania kwa sababu ya sangara wa maji yanayouzunguka. Samaki huvuliwa na anayewahi, kwa hiyo kila upande huona faida katika kumzuia mwenzake. Maporomoko hayavuliwi, na faida yake hupatikana tu pande zote mbili zinaporidhia. Kahawa ya Kyerwa bado iko karibu zaidi na hali ya samaki kuliko hali ya umeme, na itabaki hivyo hadi hapo mkulima wa Murongo atakapolipwa upesi na kwa bei inayokaribiana na ya ng'ambo, kwa kuwa hapo ndipo gunia litakapokosa sababu ya kuvuka usiku.