Mshenga wa Pakiti

Simba na Yanga zikikutana Uwanja wa Benjamin Mkapa, Kimara nzima huinamia simu. Kila simu hutumiwa nakala yake ya picha ileile, hata ya jirani wa ukuta mmoja. Watazamaji 1,000 wa video ya megabiti 4 kwa sekunde hula gigabiti 4 kwa sekunde. Picha ikiganda, lawama huuangukia mnara.

Dawa ipo tangu 1989, Steve Deering wa Chuo Kikuu cha Stanford alipoandika kanuni za multikasti: chanzo kitume nakala moja, ruta ziirudufu pale tu njia zinapoachana. Mtindo mmoja wa awali ulimwaga pakiti kila kona, ukangoja ruta zisizo na mtazamaji zikatae. Ufujaji mtupu! Itifaki ya ruta iitwayo PIM, ya mtindo wa uhaba, inafuata kinyume chake: asiyeomba hapewi.

Lakini ataombaje? Mtazamaji anaijua anwani ya kundi tu, kati ya 224.0.0.0 na 239.255.255.255, chanzo nacho hakijui nani anatazama. Hapo anaingia mshenga, ruta moja iliyoteuliwa kuwa mahali pa makutano. Ruta ya mtazamaji hutuma ombi kuelekea kwake, na kila ruta linakopita huandika ombi limetokea upande gani. Ruta ya chanzo huzifunga pakiti za kwanza ndani ya pakiti nyingine na kumpelekea. Palipo na wahitaji, mshenga hujiunga na chanzo, kisha huagiza ufungaji ukome.

Halafu anarukwa. Pakiti ya kwanza ikifika, ruta ya mtazamaji husoma humo anwani ya chanzo, hujiunga nacho kwa njia fupi, na kumwambia mshenga asilete tena. Maombi hurudiwa kila sekunde 60. Ruta iliyonyamaza husahaulika baada ya sekunde 210.

Baina ya kampuni na kampuni mambo ni magumu: nani amlipe nani, mshenga awe wa nani? Mwaka 2020 IETF, chombo cha viwango vya intaneti, ilishauri mtindo huu wa mshenga uachwe huko, mtazamaji akitaje chanzo mwenyewe. Ila kampuni yenye nyuzi zake hadi mlangoni kwa mteja haina kisingizio. Kuongeza upana wa njia kila msimu wa ligi ni uvivu. Bando la mteja lingeliwa vilevile, kusema kweli. Kinachookoka ni njia.

Kwingineko multikasti inatumika: runinga za hotelini, bei za hisa, kamera za ulinzi, kupakia programu kwenye kompyuta zote za maabara kwa mpigo.