Kariakoo inajengwa, mpangaji hayumo mkatabani

Anayetaka duka Kariakoo haanzi na kodi ya pango. Anaanza na kilemba: fedha anazompa mpangaji anayeondoka, au mwenye jengo, au wote wawili kupitia kwa dalali, ili akabidhiwe funguo. Kilemba hakiandikwi mkatabani wala hakitolewi risiti. Katika mitaa inayojaa watu kutwa, kama Kongo na Msimbazi, kinaweza kuzidi mtaji wa bidhaa zenyewe. Kikishalipwa, ndipo inakuja kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima, inayotolewa mbele. Juu yake kuna kodi ya zuio ya asilimia 10. Kisheria hiyo ni kodi ya mwenye nyumba na inatakiwa ikatwe kwenye pango lake, lakini wapangaji wengi huibeba wenyewe kwa kuogopa kuambiwa wahame.

Jengo likivunjwa kupisha ghorofa, kilemba chote kinapotea. Ni vigumu kudai mbele ya hakimu fedha ambazo kwenye karatasi hazikuwahi kuwapo. Mjadala wa kulinda biashara ndogo katikati ya Dar es Salaam ulipaswa kuanzia hapo. Badala yake umekuwa mjadala wa meza za machinga na usafi wa jiji.

Kariakoo imekaa juu ya viwanja vidogo vilivyopimwa enzi za ukoloni kwa ajili ya makazi ya Waafrika. Nyumba yake ya kawaida ilikuwa ya chini: vyumba sita, ukumbi katikati, uani nyuma. Leo nyumba hizo ziko mikononi mwa warithi, mara nyingi ndugu wengi wenye hati moja. Mwekezaji anakuja na fedha, familia inatoa kiwanja, wanaingia ubia, jengo likikamilika wanagawana sakafu. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 ilirahisisha mgao huo kwa kuruhusu kila sehemu ya jengo iwe na hati yake. Katika mkataba wa ubia familia inatajwa, mwekezaji anatajwa, na benki ikikopesha nayo inatajwa. Mtu aliyeuza vitenge kwenye chumba cha mbele hadi mtaa ukajulikana kwa vitenge hatajwi popote. Ulinzi wa zamani uliokuwa katika sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ulifutwa mwaka 2005, na tangu hapo anachoshika mpangaji ni mkataba wake tu, ambao kwa kawaida ni wa mwaka mmoja.

Sisemi maghorofa yasijengwe. Kariakoo inahudumia wanunuzi kutoka Lubumbashi, Lusaka, Lilongwe na Moroni, na nyumba za vyumba sita zisingeweza kubeba mizigo hiyo. Kiwanja kilichokuwa na milango mitatu ya biashara sasa kinaweza kutoa fremu, yaani vyumba vya duka, mara kadhaa zaidi ya hiyo. Lakini fremu hazilingani. Iliyo chini na kutazama barabara ni duka. Iliyo ghorofa ya tatu, kwa muuzaji wa rejareja, ni stoo inayolipiwa kodi ya duka. Muuzaji wa jumla anaweza kukaa juu, maana wateja wake wana namba yake ya simu na watapanda kumfuata. Muuza soksi, mikanda au chaja anaishi kwa mpita njia, na mpita njia hapandi ngazi kutafuta soksi.

Ndiyo sababu fremu ya chini hugawanywa. Mmoja anachukua kabati, mwingine ukuta, wa tatu anatundika bidhaa mlangoni, na kodi wanachangiana. Mbele yao, barabarani, yuko machinga, ambaye mara nyingi anauza mzigo wa duka lililo nyuma yake na kurudisha hesabu jioni. Asiyejua mpangilio huu anamwona mwenye duka na machinga kuwa mahasimu. Kweli wanagombana, na mwenye duka anayelipa pango ana haki ya kukasirika mlango wake ukizibwa. Lakini ni watu wa mnyororo mmoja. Machinga walipoondolewa barabarani Oktoba 2021, milango ilionekana tena, ila wapo wenye maduka waliogundua kwamba sehemu ya mauzo yao ilikuwa ikipitia mikononi mwa vijana haohao.

Serikali imejaribu kujenga suluhisho, na hapa kuna funzo ambalo tumelilipia ghali. Machinga Complex, upande wa Karume, ilijengwa kwa mkopo wa NSSF ikiwa na vizimba zaidi ya 4,000. Ilikamilika mwaka 2010. Kwa miaka mingi vizimba vingi vilikaa vitupu, huku deni likizidi kupanda. Umbali kutoka Kariakoo ni mdogo, mtu anatembea. Lakini biashara ndogo haipimi umbali kwa kilomita. Inapima kwa idadi ya watu wanaopita mbele ya meza, na mbele ya meza za Karume hawakupita. Jengo lilikuwa na paa, vyoo na ulinzi, yaani kila kitu ambacho machinga hakuwa nacho barabarani, isipokuwa mteja.

Soko Kuu lina somo lingine. Jengo lililochorwa na Beda Amuli, lenye paa za zege zilizokaa kama miavuli iliyogeuzwa, lilifunguliwa mwaka 1975. Liliungua Julai 10, 2021. Serikali ilitenga takribani Sh bilioni 28 kulikarabati na kujenga soko jipya kando yake. Fedha zilipatikana na ujenzi ukafanyika. Kilicholeta vurugu ni orodha. Mwaka 2024 baadhi ya wafanyabiashara waliokuwamo kabla ya moto walijitokeza kulalamika kwamba hawaoni majina yao kati ya wanaorudi. Wapo waliokuwa wapangaji wa wapangaji, wapo waliokuwa na madeni ya kodi, wapo waliorithi meza kwa mzazi bila kubadilisha jina. Uhakiki wa orodha hiyo ungefanyika kabla hata moshi haujatulia, ungekuwa kazi ya wiki chache. Ulipochelewa, ukawa ugomvi.

Kisha kuna usalama, ambao hauna mjadala. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wengi wao wakiwa kazini, ndani ya maduka. Serikali iliunda kamati ya kukagua majengo ya eneo lote. Kila mita ya chini inapokuwa na bei kubwa namna hii, kishawishi cha kuchimba na kuongeza vyumba vya biashara chini ya jengo lenye watu hakiishi kwa onyo la mdomo. Ulinzi wa mfanyabiashara mdogo unaanza na nguzo inayoshikilia dari iliyo juu ya kichwa chake.

Serikali imechukua hatua nyingine pia. Agosti 2025 kituo cha biashara na ugavi cha Ubungo, kilichojengwa pale kilipokuwa kituo cha mabasi ya mikoani, kilizinduliwa kikiwa na maduka zaidi ya 2,000. Wiki hizohizo ilitoka amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo za rejareja na ufundi wa simu. Wafanyabiashara wa Kariakoo waliipokea vizuri, na nawaelewa. Hata hivyo amri hiyo inaamua nani auze. Haiamui nani abaki chini kodi inapopanda, na anayempandishia mpangaji Mtanzania kodi ni mwenye jengo Mtanzania mwenzake.

Durban, Afrika Kusini, ilipitia jambo linalofanana na hili. Mwaka 2009, wakati nchi inajiandaa kwa Kombe la Dunia, manispaa ilitaka kujenga jumba la maduka mahali pa soko la asubuhi la Warwick Junction, penye mabasi, treni na maelfu ya wauzaji wadogo. Wauzaji walipinga, wanasheria wakaingia, mradi ukaachwa. Eneo hilo lilikwishaonyesha kwamba jiji likikaa meza moja na wauzaji, linaweza kupanga vibanda, maji na njia za watembea kwa miguu bila kumhamisha mtu kutoka kwenye wateja wake.

Kariakoo haihitaji kusimamisha ujenzi ili ifike huko. Mwenye kiwanja anayeomba kibali cha ujenzi Halmashauri ya Jiji hupeleka hati na michoro. Apeleke pia orodha ya wapangaji waliopo, iliyosainiwa na serikali ya mtaa, pamoja na ahadi ya maandishi kwamba jengo likikamilika watapewa nafasi ya kwanza ya kupanga. Michoro nayo ioneshe sehemu ya sakafu ya chini iliyogawanywa fremu ndogondogo, za ukubwa ambao mtu wa mtaji wa milioni mbili au tatu anaweza kuumudu bila kujificha mlangoni kwa mwenzake. Wawekezaji watasema gharama zinaongezeka. Zitaongezeka kidogo, lakini watafungua jengo wakiwa na wapangaji tayari, waliozoea mtaa na wenye wateja wao, wakati majengo mengine yanahangaika kujaza sakafu za juu.

Kilemba nacho kisajiliwe. Kikiandikwa mkatabani, mpangaji anayevunjiwa jengo atakuwa na hesabu ya kudai, na TRA itaona pato ambalo leo linapita mikononi mwa madalali. Wamiliki watapinga usajili huo kuliko pendekezo jingine lolote, kwa sababu mwenye jengo asiyeandika kilemba anaweza kukipokea tena mwaka unaofuata kwa mlango uleule.