Lachaku Ritaya

Mtu akikuambia "lachaku ritaya", usianze kumtafutia kabila. Hicho ni Kiswahili kitupu: chakula tayari. Amechukua silabi ya mwisho ya kila neno akaitanguliza, basi. Mchezo huu huitwa kinyume, na haukuanza na vijana wa vijiweni. Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, aliueleza katika kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha mwaka 1870.

Ukiutazama karatasini ni mchezo wa kitoto. Sikioni ni jambo jingine. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, chaKUla. Ukigeuza, KU inafifia na CHA inapaa, laCHAku, na sikio halilitambui neno lake lenyewe. Halafu kuna viambishi. Sisi hushika ngeli mwanzoni mwa neno: kitabu changu, vitabu vyangu. Katika "bukita ngucha", ki- imefukiwa katikati, cha imesukumwa nyuma, na uzi wa upatanisho umekatika. Aliyejifunza Kiswahili darasani, hata akawa hodari, hapo anabaki akitumbua macho.

Lugha yetu ina bahati pia: silabi zake karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo hukatika na kupangika upya bila taabu. Wazungumzaji wa Sheng wa Nairobi wamegeuza stori ikawa risto, na ulimi haukuhisi kitu. Wafaransa hulazimika kuchonga. Misimu yao ya kugeuza huitwa verlan, jina ambalo lenyewe limegeuzwa kutoka l'envers, yaani kinyume. Femme, mwanamke, hutoka ikiwa meuf. Flic, polisi, hutoka ikiwa keuf. Mwaka 1977 mwanamuziki Renaud aliimba Laisse béton, ambamo béton ni tomber iliyopinduliwa. Mwaka 1984 ikaja filamu ya Les Ripoux, kutoka pourris, "waliooza", nayo inahusu polisi wala rushwa.

Sasa, siri ikishafika kwenye nyimbo na filamu, kufuli ambalo kila mtu ana ufunguo wake ni la kazi gani? Vijana wa Ufaransa wenye asili ya Afrika Kaskazini walikuwa wakijiita beur, neno lililotokana na arabe. Mwaka 1983 yalipofanyika matembezi ya kupinga ubaguzi kutoka Marseille hadi Paris, magazeti yaliyaita matembezi ya beur. Neno likahamia vinywani mwa wanasiasa, kisha likaingia kwenye kamusi. Wenyewe wakaligeuza mara ya pili: rebeu. Meuf nayo ikapinduliwa tena ikawa feumeu. Angalia vizuri: haikurudi kuwa femme. Aliyegeuza mara mbili hakurudi nyumbani, amehamia mtaa wa tatu.

Mimi, hata hivyo, siri hainivutii sana kama linalotokea kwenye maana. Kule Buenos Aires kugeuza huku huitwa vesre, kutoka revés, yaani kinyume. Tango ni gotán, café ni feca, na hadi hapo kahawa ni ileile. Ila hotel ikigeuzwa inakuwa telo, na telo si hoteli ya kumpeleka mkeo na watoto likizo. Ni chumba cha saa mbili tatu, cha wapenzi wasiotaka kuonekana. Silabi zimebadilishana nafasi na maana ikajibana kwenye kona moja.

Na tusiwacheke. Sisi, bila hata kupindua silabi, tumechukua jina la Kiingereza la nyumba ya wageni, tukalifupisha likawa gesti, na kona tuliyolibania ni ileile. Mwambie mama mkwe kwamba saa saba mchana ulipita gesti mara moja kumwona mgeni wako kutoka Morogoro, kisha umalizie maelezo, akikupa nafasi.