Batwa wa Kahuzi-Biega: mikutano imetosha, ardhi bado

Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, haikosi mikutano ya maridhiano na Batwa, watu wa asili wa msitu wa Kahuzi-Biega. Mwaka 2014 Batwa walikaa na wasimamizi wa Mbuga ya Taifa ya Kahuzi-Biega chini ya utaratibu wa kimataifa uitwao Whakatane, wakatoka na mpango wa kazi. Septemba 2019 mazungumzo ya ngazi ya juu yakafanyika Bukavu, safari hii yakiwakutanisha serikali ya mkoa, taasisi ya uhifadhi ya ICCN na wawakilishi wa Batwa, na tamko likatolewa. Katikati ya mikutano hiyo, Oktoba 2018, Batwa wengi walichoka kungoja wakarudi msituni wenyewe. Baada ya mkutano wa pili hali ikawa mbaya zaidi: ripoti ya Minority Rights Group ya mwaka 2022 inaeleza operesheni za walinzi wa mbuga na wanajeshi kati ya 2019 na 2021, vijiji vikichomwa na watu wakiuawa. Hitimisho ninaloliona ni hili: maridhiano haya hayakukwama kwa uhaba wa mazungumzo. Yamekwama kwa sababu suala la ardhi, ambalo ndilo chanzo cha ugomvi, limeahirishwa kila mara hadi kikao kijacho.

Ili kuelewa uzito wa suala hilo, inafaa kutazama Batwa waliangukia wapi walipotolewa msituni. Wabelgiji walitenga hifadhi pale mwaka 1937; mbuga ya taifa ikatangazwa mwaka 1970, na mwaka 1975 ikapanuliwa kutoka kilomita za mraba 600 hivi hadi 6,000. Waliohamishwa hawakulipwa fidia. Wakajikuta kando ya mbuga, Kabare na Kalehe, kwenye ardhi iliyokwisha kugawanywa kwa desturi ya wengine. Katika desturi ya Bashi, jirani zao wa Kabare, anayetaka shamba la kudumu humpelekea mwami (mtawala wa jadi), au mjumbe wake, malipo yaitwayo kalinzi, ambayo zamani yalikuwa ng'ombe, na haki anayoipata huirithisha watoto wake. Asiyeweza hukodi kwa bwasa, kwa muda mfupi, na mwenye bwasa haruhusiwi kupanda mgomba wala kahawa, kwa kuwa mmea wa miaka mingi ni dalili ya umiliki. Sasa mtu aliyeishi kwa kuwinda, asali na dawa za miti shamba angemtoa wapi ng'ombe? Akabaki kibarua wa mashamba ya jirani, amejenga kibanda mahali anapoweza kufukuzwa wakati wowote. Mradi wa mbuzi, sare za shule au mafunzo ya ushonaji hauondoi hali hiyo. Kinachokosekana ni haki ya kupanda mgomba.

Pingamizi linalosikika zaidi Bukavu dhidi ya kuwapa Batwa ardhi ni la makaa. Watu husema: Batwa waliporudi mwaka 2018, miti ilikatwa, makaa yakachomwa, na gorila wa Grauer, ambao ndio walioiingiza mbuga katika orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1980, wakazidi kuhatarishwa. Ni kweli kwamba miti ilikatwa, na anayewatetea Batwa kwa kulikana hilo anawaharibia kesi. Lakini makaa hayo hayakuliwa msituni. Yalishuka kwa magunia hadi kwenye majiko ya mjini, yakipita mikononi mwa wafanyabiashara na watu wenye silaha waliopata faida kubwa kuliko mkataji. Zaidi ya hayo, mtu anayejua kwamba ataondolewa kesho hana sababu ya kuuhifadhi mti wa keshokutwa. Atauza leo. Uharibifu ule ni ushahidi wa kile kinachotokea watu wanaporudi bila haki inayotambuliwa na bila masharti yaliyokubaliwa. Hati ya ardhi inaweza kubeba masharti ya uhifadhi. Uvamizi hauna pa kuyaandika.

Pingamizi la pili ni la kisheria, nalo lina nguvu: mbuga ni ya taifa, iko chini ya ICCN, na gavana hana mamlaka ya kuirudisha hata hekta moja. Kinshasa ndiyo inayopaswa kujibu uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, uliochapishwa mwaka 2024, ambao uliona kwamba Kongo ilivunja haki za Batwa wa Kahuzi-Biega na kutaka ardhi yao irejeshwe. Hata hivyo, Sheria namba 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 imekwisha kutambua haki za watu wa asili juu ya ardhi wanayoimiliki au kuitumia kwa desturi, na nje ya mipaka ya mbuga mkoa una kazi tele. Ardhi ya kuwapa makazi iko chini ya sheferi, yaani himaya za wami, na mwami anaweza kusamehe kalinzi, au mkoa ukamlipa. Ofisi ya ardhi inaweza kusajili eneo kwa jina la jamii nzima. Hayo yote hayahitaji kugusa mpaka wa mbuga.

Kisha kuna vita. Bukavu ilitekwa na waasi wa M23 Februari 2025, na wengi wanauliza nani atie saini gani katika hali hii. Swali ni la haki, na saini ya mamlaka inayobishaniwa huenda isidumu. Lakini sheferi zimeona mengi: Wabelgiji, Mobutu, waasi wa RCD, na bado zipo. Na kuna kazi isiyoweza kungoja amani. Aliyekuwa na miaka kumi mwaka 1975 sasa ana sitini na zaidi. Wanaokumbuka vijiji vya zamani, makaburi na mahali pa matambiko ndani ya mbuga wanapungua kila mwaka. Mashirika ya Bukavu, mapadri, wachungaji na wakuu wa vijiji wanaweza kuandika ramani hizo na orodha za familia sasa hivi, wakiwa pamoja na Batwa wenyewe. Atakayetawala mkoa kesho asiitishe mkutano wa tatu kabla ya kusajili eneo moja, Kabare au Kalehe, kwa jina la Batwa wanaoishi hapo.