Skrini Isiyo na Taa

Mwaka 1989 Nintendo ya Japani ilitoa Game Boy, mashine ya mkononi ya kuchezea gemu, na mwaka huohuo Atari ikatoa yake, Lynx. Ukiziweka mezani, huna haja ya kuuliza ipi nzuri. Lynx ilikuwa na rangi, na skrini yake iliwaka. Game Boy ilikuwa na vivuli vinne tu juu ya kijani kilichochujuka, na usiku bila taa huoni kitu. Lakini hiyohiyo ndiyo iliyotamba, na ushindi wake ulikuwa kwenye betri.

Ndani ya skrini ya Game Boy, fuwele kimiminika zimebanwa kati ya vioo viwili vyembamba. Zikiguswa na umeme kidogo hubadili mkao, mwanga unazuiwa kupita, doa jeusi linatokea. Mwanga wenyewe hautoki humo: ni wa jua au wa taa ya chumbani, unaingia na kurudishwa na bamba la nyuma. Kugeuza fuwele hakuli umeme wa maana. Kinachokula ni taa, na Lynx ilikuwa nayo, kama Game Gear ya Sega iliyofuata 1990. Betri sita za AA, zile za rimoti, zilikwisha kwa saa nne au tano hivi. Game Boy ilitia nne, ikachezwa zaidi ya saa kumi. Mzazi mwenye kununua betri hakuhitaji kufafanuliwa.

Aliyeongoza kazi ya kuunda Game Boy ni Gunpei Yokoi, ambaye aliingia Nintendo kutunza mashine za kutengenezea karata. Inasimuliwa kwamba ndani ya treni ya kasi alimwona abiria akiua muda kwa kubofyabofya kikokotoo, na hapo Yokoi akapata wazo. Mwaka 1980 ikatoka Game & Watch, vigemu vya mfukoni vyenye skrini za teknolojia ileile ya vikokotoo, ambayo bei yake ilikwishashuka. Huo ndio uliokuwa mtindo wake: chukua kitu kilichozoeleka na cha bei nafuu, kitafutie kazi mpya.

Hata Game Boy Color ya 1998 ilileta rangi bila taa, kwa betri mbili. Yokoi alikuwa ameshaondoka Nintendo, na 1997 akafariki kwa ajali ya barabarani. WonderSwan, mashine nyingine ya mkononi aliyoshiriki kuibuni, ilitolewa na Bandai 1999: haina rangi, haina taa, betri moja.